Jina la Boke Nililolifuta

Robi, nimelifuta jina la Boke kwenye fomu yako ya chuo, nikaandika langu.

Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu. Nikianza na hujambo nitafika ukurasa wa tatu bado nakuuliza habari za mizigo, na wewe kesho asubuhi unaondoka na basi la Mwanza. Sasa hujambo mwanangu. Mimi sijambo, moyo ndio mgonjwa kidogo. Barua hii nitakupa mkononi pale stendi, na uifungue ukishavuka daraja la Mto Mara. Usiisome hapa Itiryo ukaja kuniangalia usoni.

Utaona nimeandika kirefu. Darasa la saba langu ni la zamani, la wakati mwalimu akikuita ubaoni unakwenda magoti yakigongana. Mimi nilikuwa naitwa kuwaandikia wenzangu tarehe, kwa sababu ya mwandiko. Kwa hiyo usishangae kwamba mpika pombe ya busaa anaandika kurasa zote hizi. Mambo ya kufua, kupika na kufunga mlango siandiki. Hayo Boke amekuambia wiki nzima, sauti yake inavuka uwanja hadi jikoni kwangu, na kila alipokuambia jambo nilikuwa na langu la kukuambia, nikalimeza.

Ilikuwa juzi, ulipokwenda Tarime kununua ndoo na shuka. Niliingia nyumbani kwa Boke kuomba chumvi. Chumvi ninayo, wewe unajua, sijawahi kuishiwa chumvi. Niliingia kuangalia kama ile picha yako ya kumaliza kidato cha sita bado iko ukutani kwake, maana mimi ulinionyesha tu kwenye simu. Picha ipo. Ameizungushia na maua ya karatasi. Chini yake, juu ya meza, nikaona bahasha ya kaki ya chuo.

Nilitoa karatasi nikijua nafanya nini. Ni ile fomu ya masharti ya ulevi, Kiingereza juu, Kiswahili chini, ambayo mwanafunzi anasaini na mzazi wake naye anasaini kwamba wote wawili wamesoma na wamekubali. Mtu mwenye akili angeanza kusoma juu. Mimi jicho langu lilikwenda chini kabisa, kwenye jina na saini ya mzazi. Pameandikwa Boke.

Kalamu ilikuwa palepale. Simsingizii shetani, hakuwepo, tulikuwa mimi na kalamu. Nililikata lile jina mara tatu, mara nne, hadi karatasi ikaanza kutoboka, na pembeni yake nikaandika Wankuru kwa herufi kubwa nikasaini. Nikarudisha bahasha. Nikachukua na chumvi, ili nisiwe nimedanganya yote.

Kabla sijasema kilichofuata, nikuulize: wakikuuliza huko chuoni imekuwaje una mama wawili, utawajibu nini? Wengi wao watatoka mikoa isiyojua. Usione aibu. Waambie kwetu Mara kuna nyumba ntobu, mwanamke anamwoa mwanamke. Waambie mama yako Wankuru alifiwa na mume bila kupata mtoto, na boma la mtu aliyekufa bila mtoto linageuka malisho ya ng'ombe wa shemeji. Mama yako akakataa. Akatoa ng'ombe wake mwenyewe, wazuri, wenye nundu, hadi watu wa Nyamongo wakaja kuwatazama wakitoka, akamwoa binti anayeitwa Boke ili amzalie. Akazaliwa Robi, kisha wadogo zake. Ndivyo ilivyo. Hakuna kilichoibwa hapo.

Ila nyumba nyingi za namna hii watoto wanamwita yule mkubwa bibi, na aliyewazaa wanamwita mama. Mimi sikutaka. Nilisema nimetoa ng'ombe, nimejenga, bibi ni nani? Ulipoanza kusema nilikukalisha mapajani nikakufundisha: mimi ni Mama, yule ni Boke. Ukawa unamwita Boke, kama unavyomwita jirani. Ulitambaa kwenda kunyonya kwake unasema Boke, Boke. Wageni walicheka, na yeye alicheka nao, na mimi niliona nimeshinda. Hapo Boke mwenyewe alikuwa binti mdogo kuliko wewe ulivyo leo. Nimelifikiria hilo juzi tu. Miaka kumi na tisa, na nimelifikiria juzi.

Sasa masharti. Niliporudi jikoni sikutulia, nikasubiri Boke aende kisimani, nikarudi tena kwenye bahasha, safari hii nikasoma kutoka juu kama mtu mzima. Wamekataza kileo bwenini, hata kopo moja, hata likiwa la mgeni wako. Ukionekana umelewa ndani ya eneo la chuo unaitwa kwenye kamati. Bangi, mirungi na dawa za kulevya ni kufukuzwa na polisi juu yake. Sigara si ndani ya jengo lolote, shisha hapana, ugoro hapana. Mizigo itafunguliwa getini. Nilipofika kwenye ugoro nikacheka, nikawakumbuka wazee wetu hapa, wasingemaliza hata siku ya kuandikishwa.

Masharti ni mazuri, sina ugomvi nayo. Ila aliyeyaandika anaijua pombe kwa kuisoma. Mimi nimekaanga unga wa busaa juu ya bati tangu hujazaliwa, kimea changu cha ulezi watu wanatoka Nkende na pikipiki kukifuata, na ada yako ya bweni ilitoka kwenye pipa lile lile. Kwa hiyo nikuambie kitu ambacho hakimo kwenye karatasi yao. Sijawahi kuona mtu aliyeanza kunywa kwa sababu ya kiu. Anakuja na mwenzake. Kopo la kwanza ananunuliwa. La pili anakunywa ili aliyemnunulia asijione mjinga. La tatu ni lake, na hapo tayari ana gogo lake la kukalia, wanamsogelea, wanamwita kwa jina. Kesho yake linalomrudisha ni lile gogo. Nimewaona wanaokuja hata siku busaa haijaiva, wanakaa tu. Wewe huko utakuwa mgeni, utatafuta mahali pa kukaa. Angalia watu waliokaa hapo kabla yako wana nini mkononi. Basi. Zaidi ya hapo mimi nitakuwa muuza pombe anayehubiri, na nimewasikia hao, hawapendezi.

Mimi mwenyewe huwa naonja ili nijue imefika wapi, kisha natema. Nililewa mara moja tu, na nilewe kwa nini kama si wewe.

Ulikuwa na miaka minne au mitano. Ulianguka kwenye yale mawe ya zizini, goti likachanika, damu hadi kwenye kiatu. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Nilishainama, mikono nimeinyoosha. Ukanipita, Robi. Ulinipita kama unavyopita mti, ukakimbia uwanja mzima, ukapanda hadi shambani alikokuwa Boke, na nikasikia ukimwita mama. Hakuna aliyekufundisha. Goti ndilo lilikufundisha.

Jioni ile nilichota kwenye pipa langu mwenyewe. Miaka yote nilikuwa nawauzia wengine, siku hiyo nikajiuzia. Niliyomwambia Boke siyakumbuki yote. Ninayoyakumbuka ni kwamba nilimwambia arudi kwao, watoto aniachie, kwa sababu yeye ni tumbo tu, ng'ombe walilipia tumbo. Asubuhi nimeamka na kichwa kama jiwe la kusagia, nikafungua mlango, nikamkuta amekaa kizingitini, vitu vyake amefunga kwenye kanga moja. Akanisalimia shikamoo. Nikaitika. Akasema, "Mama, niende, au nikate majani ya ng'ombe?"

Nikamwambia akate majani. Kwa akili zangu za siku ile hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kuomba radhi: kata majani.

Nakusimulia hili kwa sababu walevi wote wananiambia pombe inasahaulisha. Ni kweli, mimi nilisahau. Aliyeambiwa ndiye hakusahau.

Basi turudi kwenye fomu. Kabla ya jina na saini ya mzazi kuna swali. Wanauliza: mwanafunzi aliwahi kupewa adhabu au onyo kwa kosa la ulevi katika shule aliyotoka? Kama ndiyo, mzazi aeleze. Na Boke alikuwa ameeleza, kwa ule mwandiko wake mdogo wa shule ya Jumapili. Nimeyashika kichwani: "Ndiyo, alipewa onyo kidato cha tano. Pombe ya kienyeji iliingia kwenye blanketi lake kwa mkono wangu. Mtoto hakujua. Kosa ni langu."

Na chini ya maneno hayo, palipokuwa Boke, sasa pana Wankuru. Kwa herufi kubwa.

Robi mwanangu, karatasi ile ilikuwa ya uongo hadi mimi nilipoiharibu. Nilipolikata jina lake na kuweka langu, ndipo ikawa kweli.

Ile pombe haikuwa mkono wa Boke. Ilikuwa mdomo wangu.

Tata yangu, babu yako ambaye hukumwona, alipokuwa anamsindikiza kaka yangu kwenda kutafuta kazi, alichukua funda la pombe akalipuliza juu ya mzigo wake mbele ya watu wote. Hiyo ndiyo ilikuwa baraka, na mtoto aliyepulizwa alitembea kifua mbele hadi barabarani. Kaka zangu wote walipulizwa. Mimi siku nakwenda kuolewa nilisimama na kasanduku kangu, nikasubiri. Tata akaniambia nisichelewe. Msichana hapulizwi. Tangu siku ile nilisema, wangu akiwa wa kike au wa kiume, atapulizwa.

Siku unakwenda kidato cha tano, Boke alikuwa ameshaokoka miaka mingi. Aliwaita watu wa kanisa lake, wakakuzunguka, wakakuwekea mikono, wakaimba vizuri, siwezi kusema hawakuimba vizuri. Mimi nilisimama nje ya duara na kibuyu changu kama jirani aliyekuja kuazima moto. Hakuna aliyenifukuza. Ila hakuna aliyesogea.

Kulipopambazuka, nyinyi mkiwa bado mnaoga, niliingia, nikafungua sanduku lako, nikapuliza. Blanketi, sare, hadi daftari. Mafunda matatu. La kwanza lilikuwa la baraka, nakuapia. La pili baraka. La tatu lilikuwa wivu. Kila kitu mle sandukuni kilinukia sabuni ya Boke, na mimi nilitaka kwenye kitanda cha huko ulale na harufu ya nyumba yangu.

Mkasafirisha lile sanduku juu ya basi, juani, kutwa nzima. Blanketi likachacha njiani. Yaliyotokea sanduku lilipofunguliwa getini mwa shule unayajua kuliko mimi.

Ulirudishwa na barua, unalia, unaapa kwa kila kitu. Na mimi nilikuwa palepale, nakupangusa machozi kwa kanga, nasema shule za siku hizi zina uonevu. Barua ilitaka mzazi afike kueleza. Nikasema nina ng'ombe anayekaribia kuzaa. Boke hakuniuliza kitu. Asubuhi ile ya safari alishaninusa nilipokuaga, na alikuwa anajua nilichoonja na saa niliyoonja. Akavaa gauni lake la ibada akaenda na wewe. Mbele ya mkuu wa shule na wazazi wengine akasema alikuwa amebeba kibuyu changu kukihamisha, kikamponyoka juu ya sanduku lililo wazi. Boke, ambaye hata togwa iliyolala haionji. Wakakurudisha darasani, onyo likabaki kwenye faili.

Kati ya wale wazazi mmoja alikuwa wa kanisa lake. Habari ilifika Itiryo kabla ya yeye kushuka kwenye gari. Jumapili iliyofuata wakamuuliza kama ni kweli alishika pombe. Angesema si kweli, shule ingesikia kwamba ilidanganywa, na wewe ungetolewa. Akasema ni kweli. Wakamwondoa kwenye kufundisha watoto, wakamweka benchi la nyuma. Hawakumwonea, walihukumu kwa maneno yake mwenyewe. Ulikuwa unashangaa kwa nini ameacha kutoka na kile kitabu cha picha siku za Jumapili. Hakuacha. Alinyang'anywa.

Na wewe ulimnunia. Hapo ndipo aibu yangu ilipo hasa, kuliko hata sandukuni. Ulirudi likizo ukakataa kulala kwake, ukahamishia mkeka kwangu, ukaniambia, "Ameokoka gani huyu, anazungukazunguka na vibuyu vya watu?" Neno moja tu lingetosha kutoka kwangu. Mimi nilikukaangia mayai. Nilikusuka nywele, vibaya, hujawahi kusukwa vibaya hivyo, na ukakaa nazo kwa kunipenda. Usiku ulilala umeniegemea mgongo. Likizo ile nilikuwa tajiri. Upande wa pili wa uwanja Boke alikuwa anapika chakula akikuhesabu na wewe, na hukwenda, na niliona mwanga wa taa yake, nikageukia ukutani.

Kisha ukamsamehe. Sikujua lini, niliona tu siku moja mnacheka mkianika mahindi. Umemsamehe mtu kosa ambalo hakulifanya. Mimi niliyelifanya hujawahi kujua kwamba kuna la kunisamehe. Nikuambie ukweli, hata hilo nimemwonea wivu.

Jana nilikuaga kwamba nakwenda Tarime kusaga kimea. Sikwenda kusaga. Nilikwenda na fomu yako steshenari. Dada wa pale akaishika kwa ncha mbili, akaniuliza kama kwenye karatasi hii watu walipigana. Nikamwambia mmoja alipigana peke yake. Akaniambia wino haufutiki, ila akakata vipande vya karatasi nyeupe, akavibandika juu ya maelezo na juu ya majina, akapiga fotokopi. Ikatoka safi, nafasi wazi, kama vile hakuna aliyegusa.

Nikarudi nazo mbili, chafu na safi, nikamkuta Boke anachambua maharage yako ya safari. Nikaziweka kwenye ungo mbele yake. Akaziangalia zote mbili. Akasema mwandiko wangu kama kuku ameparua. Nikamwambia mwandiko huo uliandika tarehe ubaoni, kabla yeye hajazaliwa. Akasema basi ubao ule uliteseka. Tukacheka. Tulicheka sana kuliko utani wenyewe, nadhani kila mmoja alikuwa anaogopa kicheko kikiisha.

Kikaisha. Nikamuuliza kwa nini wewe ulimpelekea yeye fomu na si mimi. Akanijibu bila kupamba: ulisema masharti ya pombe hayawezi kusainiwa na anayeuza pombe, chuo kitacheka. Ni kweli. Nimelipindua neno hilo kila upande, sioni mahali pa kulikasirikia, na nimekasirika.

Kisha akasema lile alilokuwa nalo. Hakupandisha sauti, mikono bado iko kwenye maharage.

"Uongo huu nimeusema mara tatu, mama. Shuleni na kanisani nilimsemea mtoto, kwenye fomu nikakusemea wewe. Wa nne sina."

Nikamwambia nitausema ukweli. Nitakwenda kanisani kwake nisimame mbele ya benchi lake. Nikamwambia nitafanya hivyo ukija likizo, mbele yako, ili wewe uone kwa macho. Nilidhani nimesema jambo kubwa. Boke akaweka ungo chini.

"Hapo ndipo wivu wako ulipo, mama. Hata toba unataka Robi akae mbele akuangalie wewe."

Mimi ninayejibizana na walevi kumi kwa wakati mmoja, na ninawashinda, niliuvuta ule ungo nikaanza kuchambua maharage.

Kwa hiyo hivi ndivyo fomu ilivyo, ukiitoa kwenye bahasha utaiona. Maelezo nimeyaandika mimi. Nimeandika kwamba pombe niliipuliza mwenyewe, kwa desturi ya kwetu, kwa siri, na kwamba mtoto hakujua na mama yake mwingine hakuhusika. Kwenye jina na saini ya mzazi tumesaini wawili. Nafasi ni ya mtu mmoja, tumebanana. Boke ametangulia. Nilimpa kalamu kwanza, na mkono ulikataa kidogo kuiachia, yeye mwenyewe aliona akangoja. Chuo kikiuliza, waonyeshe. Wakisema lazima abaki mmoja, abaki yeye, na mimi wanihesabu shahidi. Sikuandika hilo kwa furaha.

Ile karatasi chafu ninayo mimi. Boke alitaka kuwashia moto, nikakataa.

Sanduku lako sijaligusa safari hii. Kama hukuliona hilo, basi nakuambia. Kesho ukiondoka hakuna atakayekupuliza, na linaniuma, maana ningependa uende kifua mbele kama wajomba zako. Ila nimekumbuka kwamba wao walipulizwa mchana, mbele ya watu. Aliyeharibu hapa ni yule aliyejificha.

Usidhani nimegeuka mtu mwingine kwa usiku mmoja. Busaa nitapika. Ada ya muhula wa pili haitaimbwa na kwaya. Na wivu bado ninao, mwingi, umepungua nusu kikombe tu. Nakionea wivu chuo kitakachokuwa kinakuona kila asubuhi bila kuvuka uwanja. Namwonea wivu huyo mwenzako wa chumba ambaye sijui hata jina lake, utakayemsimulia mambo kabla yangu. Nakuonea wivu wewe mwenyewe, mwanamke wa miaka kumi na tisa ambaye wanawake wawili wamepasua karatasi kwa ajili ya kuitwa mama yake. Mimi mama yangu alikuwa mmoja, na siku niliyozaliwa hakuikumbuka.

Ukitaka kuninunia, ninunie. Ni zamu yangu, nilimwachia Boke aibebe. Usinipigie simu wiki nzima kama moyo haupo. Ila yeye umpigie ukifika, kabla ya kunywa maji, na umwite unavyotaka kumwita. Mimi nilikufundisha neno moja la uongo ukiwa mapajani mwangu. Siwezi kukufundisha lingine sasa, umekuwa mkubwa, chagua mwenyewe. Nitakuwa jikoni, sitasikiliza. Nitasikiliza kidogo.

Mchungaji nimeshamwona leo mchana. Alidhani nimekuja kuokoka, akafurahi mapema, nikamwambia apoe, nimekuja kurudisha kitu cha mtu. Amenipa nafasi ya kusimama niseme baada ya matangazo. Nimewaambia wajomba zako na wake zao. Nimemtumia ujumbe yule mzazi aliyepeleka habari, naye amesema atakuja. Wateja wangu wote nimewatangazia kwamba pipa halifunguliwi hadi ibada iishe, kwa hiyo na wao watakuja, wakae pale nje kwenye majani kama hawataki kuingia. Wadogo zako watakaa na mama yao, benchi la nyuma, na nataka watoto wote aliokuwa anawafundisha wawepo, hata waliokwisha kuwa wakubwa. Wewe tu ndiye hutakuwepo, na itabidi nisimame hivyo hivyo bila kukuona.

Ni Jumapili hii, saa nne asubuhi.

Mama yako,
Wankuru